Vyungu vya Dengu na Breki za Ndege

Jumamosi jioni wanawake wa mtaa wa juu walipeleka vyungu vyao vya dengu kwenye tanuri la Stamatia, kama mama zao walivyofanya, ila siku hizi hakuna aliyebeba kuni. Tanuri lilipashwa moto na breki za ndege ya Athens. Ndege ilipogusa ardhi kule bondeni na rubani akakanyaga breki, matofali yalianza kuwa mekundu. Na ilimbidi akanyage kwelikweli, maana njia ya ndege kisiwani ni fupi na mwisho wake ni bahari.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya kanisa lao. Vyungu vilikuwa vingi, vicheko vingi zaidi.

“Kitendawili,” alisema Stamatia.

“Tega.”

“Mwanangu kila akirudi nyumbani amekonda.”

“Huyo si mume wangu,” alisema Kaliroi jirani, akishika tumbo kwa mikono miwili kuonyesha la mumewe.

“Breki ya ndege. Kila ikitua inalika.”

Jibu alilipata kwa binti yake Argiro, fundi wa uwanjani. Kwenye breki kuna kijiti. Sahani za breki zikilika, kijiti kinazama, na kikizama chote zinabadilishwa. Moto ni habari nyingine. Breki iliyojaa moto haina pa kuweka moto mwingine. Lazima ipoe yenyewe, polepole, kama chungu. Ndiyo maana zamani ndege ya Jumamosi ililala kisiwani, na dengu ziliiva taratibu hadi ibada ya asubuhi.

Mwaka huu Vretos, msimamizi wa uwanja, alitaka irudi Athens upesi. Jioni hiyo mmoja wa abiria wa kurudi alikuwa Lefteris, mume wa Stamatia, aendaye kupasuliwa jicho.

Ndege ikatua. Vyungu vikaingia, harufu ya kitunguu na mafuta ya zeituni ikajaa mtaa. Halafu vyungu vyote vikapasuka kwa pamoja, pa, na tanuri likatoa mvuke unaonuka mpira.

“Wamezimwagia breki maji,” alisema Stamatia.

Wakateremka mbio na aproni zao, vigae vya vyungu mikononi. Walimkuta Vretos ameshika mpira wa maji, magurudumu yakifuka, na Argiro amesimama mbele yake.

“Bosi, niache nifungue gurudumu. Sahani zimepasuka.”

“Kijiti kimezama?”

“Hakijazama. Kijiti kinaonyesha kulika, hakionyeshi ufa.”

“Basi breki ni nzima.”

Stamatia akamtilia kigae kiganjani. “Breki zako hizi, baba.”

Vretos alikigeuzageuza. “Chungu kilikuwa kizuri. Poleni. Lakini ndege si chungu, mama.”

“Kitendawili,” alisema Stamatia.

“Sina muda wa kutegewa. Nakupa mji.”

“Mji gani?”

“Athens,” alisema Vretos, akaashiria mlango ufungwe. Argiro alikataa kutia sahihi kwamba ndege iko salama, kwa hiyo Vretos akatia mwenyewe. Lefteris, dirishani, alimpungia mkono Kaliroi akidhani ni mkewe.

Ndege ikapaa. Wanawake wakapanda mlima wakihema, wakazunguka tanuri na kuweka viganja kwenye matofali baridi. Tofali likipata moto, Lefteris amefika.

“Huku!” alisema mmoja.

Upande wa kulia ulikuwa unapata moto, upesi, mpaka wakatoa mikono. Wa kushoto ulibaki baridi. Wakangoja. Ulibaki baridi.

Simu ikalia. “Nimefika, mke wangu,” alisema Lefteris. “Ndege ilivuta kidogo upande mmoja, kama punda anayejua kwao. Tukaishia kwenye nyasi. Dengu ziliiva?”

“Ulimpungia nani mkono?” aliuliza Stamatia, akifuta machozi kwa aproni.

Jumatatu Argiro alipeleka kigae kingine ofisini kwa Vretos, kiwe ushahidi. Vretos alikifanya cha kuwekea kalamu.

Jumamosi iliyofuata ndege ilitua, ikamwagiwa maji, ikaondoka. Wanawake walikuja na masufuria ya bati, maana bati halipasuki, wakayapanga yote upande wa kulia, kwa kuwa wa kushoto bado ulikuwa baridi. Vretos naye alituma lake, na ujumbe kwamba anapenda dengu laini.