Mshika Bastola Wakati wa Sala

Kanzu nyeupe haina siri. Mtu akitia hata funguo mfukoni, aliye ng'ambo ya barabara anazihesabu. Hilo ndilo jambo la kwanza Jackton alilomwambia bosi wake ndani ya duka la silaha mjini Riyadh, na lilikuwa la kweli, ingawa hakulisema kwa ajili ya ukweli. Alilisema akitumaini mzee atakata tamaa, warudi Jeddah mikono mitupu.

Mzee Ghalib hakukata tamaa. Aliletwa Jeddah mwaka wa mapinduzi, sitini na nne, akiwa mgongoni mwa mama yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha mama huyo, cha Unguja ya zamani. Miezi michache nyuma, mchana kweupe, vijana wawili walimvamia mlangoni mwa ghala lake, wakamzaba kofi na kumvua saa. Saa haikumuuma. Kofi ndilo lililokataa kutoka shavuni. Akaomba kibali cha bastola, kibali kikatoka, na kwa kuwa dereva wake aliwahi kuwa polisi Nairobi miaka tisa, ni nani mwingine wa kumsaidia kuchagua?

"Baba'ngu walimkuta mikono mitupu," alimwambia Jackton njiani. "Mimi hawanikuti hivyo."

Jackton alijibu, "Sawa bosi," akaendelea kuendesha. Kwa miaka minne ya kumwendesha Ghalib alikuwa amejifunza kwamba hilo ni jibu linalofaa karibu kila kitu.

Muuza duka, kijana mtaratibu aitwaye Anas, alitandika kitambaa cheusi juu ya kioo na kuzipanga. Ya kwanza ilikuwa kubwa, inang'aa, na macho ya mzee yakaikimbilia.

"Hiyo ni ya kuvaa na sare, bosi," Jackton akasema. "Ukikaa kwa gari itakudunga mbavu. Ukisimama itaonekana mpaka Taif."

Ya pili ilikuwa rivolva fupi. Jackton alikiri kwamba haikwami ovyo na haina mambo mengi, lakini lile tumbo lake la risasi ni nene, litatokeza kwenye kanzu. Ya tatu ilikuwa bapa na ndogo kama kiganja. Mzee aliipenda, ila alipojaribu kuvuta kile chuma cha juu kiende nyuma, vidole vyake vya baridi yabisi vilishindwa. Alijaribu mara mbili. Anas alitazama pembeni kwa adabu.

"Hebu nionyeshe," mzee akasema.

Jackton aliipokea. Kabla hajafikiri, alikuwa ameielekeza sakafuni, ametoa magazini, amevuta chuma nyuma na kuchungulia kama kuna risasi. Mikono yake haikuwa imesahau kitu, na hilo lilimchukiza. Akairudisha haraka juu ya kitambaa.

"Kidogo ndiyo rahisi kuficha, bosi, lakini kidogo kina springi ngumu na kinaruka mkononi. Usichague ya kufichika tu. Chagua ile mkono wako unaweza."

Ndivyo walivyofika kwenye ya nne, kubwa kidogo kuliko kiganja, springi yake laini, na kufuli ya usalama ambayo kidole gumba cha mzee kiliiweza. Lilibaki suala la kuivaa. Kanzu haina mkanda. Anas alileta mkanda mpana wa kitambaa wenye mfuko wa ngozi, wa kufunga tumboni chini ya kanzu, na akaeleza kwamba wateja wake hupeleka kanzu kwa fundi, akapasua mfuko wa pembeni ili mkono upenye hadi ndani. Mzee alijifunga, akatembea hadi mlangoni na kurudi, akaketi, akainuka. Kwa mara ya kwanza tangu lile kofi, alitabasamu.

Kisha akakumbuka jambo. Akaelekea kibla, akarukuu, akasujudu pale pale kwenye zulia la duka. Mkanda ukapanda, bastola ikatokeza ubavuni kama nundu, na alipoinuka ilikuwa imehamia karibu na kitovu.

"La, hii haiwi," akasema akihema. "Na msikitini sitaki kuingia nayo, hata ingekaa sawa." Akafikiri kidogo, uso ukamkunjuka. "Haina neno. Wakati wa sala Jackton atanishikia. Dakika kumi tu."

Akalirudia kwa Kiarabu ili Anas naye aone lilivyo jepesi. Anas akamtazama Jackton, kisha akateremsha macho kwenye zile karatasi.

"Kibali kina jina moja, ya ami," akasema polepole.

"Ndiyo, langu. Yalla, funga tuondoke."

Jackton alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Sala ni tano kwa siku, na walau tatu humkuta mzee njiani. Mara tatu kila siku Mkenya mgeni angekaa garini nje ya msikiti na bastola isiyo yake mapajani, katika nchi ambayo mgeni akikutwa na kitu hicho ni jela kwanza, maelezo baadaye. Kukataa nako kulikuwa na bei: ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ilikuwa inaisha mwezi ujao, na wa kuihuisha ni kafili, mdhamini wake, ambaye ndiye huyu huyu anayelipia mkanda wa tumbo. Lakini si hayo yaliyomshtua. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. "Dakika kumi tu" yalikuwa maneno yake mwenyewe. Aliwahi kumwambia mdogo wake Elphas, na Elphas yuko ardhini.

Asubuhi walishika barabara ya Jeddah. Mzee hakutaka habari za ndege na kukaguliwa. Alikuwa amejifunga mkanda wake, anajipapasa ubavu kila baada ya kilomita chache. Adhuhuri iliwakuta kwenye kituo cha mafuta chenye msikiti mdogo na jua la kupasua vichwa. Jackton aliegesha kivulini. Mzee akahangaika chini ya kanzu, akaitoa bastola, akaifunika kwa ghutra yake ya kichwani na kumnyooshea.

"Shika. Narudi sasa hivi."

Jackton aliiweka mikono yake yote miwili juu ya usukani.

"Bosi, hiyo siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kuishika."

Mzee alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, uso ukabadilika.

"Mimi n'mekuchukua wewe kama mwanangu. Leo nakuomba dakika kumi wanambia huwezi? Umesahau nani kafili wako?"

"Sijasahau, bosi. Lakini polisi wakinikuta nayo utasema nini?"

"N'tasema kweli. Kwamba yangu, n'mekupa mwenyewe."

"Mimi pia ningeapa hivyo," Jackton akasema. "Kabla sijaulizwa."

Adhana ilikuwa imekwisha. Watu waliingia msikitini wakiacha viatu mlangoni. Mzee alibaki ameshika furushi lake, hajui aliweke wapi, na Jackton akaanza kusema akitazama mbele, kwa sababu angemtazama mzee asingemaliza.

"Nilikuwa na ndugu, Elphas, kitindamimba wa mama. Siku hiyo tulikuwa kanisani Kayole, dada yetu anabatiza mtoto na mimi ndiye baba wa ubatizo. Nilikuwa nimetoka kazini na nguo za raia, bastola iko hapa kiunoni. Sikutaka kumbeba mtoto nikiwa na hiyo kitu. Nikamwita Elphas kando, hakuna mtu aliona, nikamwambia nishikie, dakika kumi tu. Akaiweka ndani ya koti, akaenda kusimama kwa geti. Gari la polisi wa kituo kingine likapita. Wakaona koti limevimba. Wakamwambia lala chini. Yeye badala ya kulala akaingiza mkono, awaonyeshe, aseme ni ya brathe yangu. Sisi tulisikia milio tukiwa bado tunammwagia mtoto maji."

"Inna lillahi," mzee akanong'ona.

"Haijaisha, bosi. Mkuu wa kituo aliniita. Akaniuliza swali moja tu: ulimpa ama alikuibia? Nikisema nilimpa, kazi imeisha na mimi naingia ndani. Elphas nilimfundisha kuendesha baiskeli mimi. Nilimpenda huyo kijana. Nikasema aliniibia."

Lori lilipita barabarani, gari likatikisika kidogo. Jackton alingoja lipite.

"Akazikwa kama mwizi. Kasisi alikataa kuja. Mama hajakanyaga kanisa mpaka leo, miaka sita. Kwa hivyo ukiniambia utasema ukweli, siwezi kukuamini. Si kwa sababu wewe ni mtu mbaya. Mimi sikuwa mtu mbaya."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Jackton ilikuwa imetoka Kayole, ikavuka bahari, na siku ile ndiyo kwanza inafika ukingoni. Sasa alikuwa ametulia, kama mtu aliyekwisha kutapika. Alingoja kuambiwa halas, kazi imekwisha, ateremke na begi lake.

Mzee hakusema hivyo. Alifungua kisanduku cha mbele cha gari, akaitia bastola ndani, akafunga kwa ufunguo na kuutia ufunguo mfukoni. Akachukua mkeka, akautandika mchangani karibu kabisa na mlango, akasali peke yake juani huku jamaa wakisali kivulini ndani. Alikawia sana katika sijda ya mwisho. Jackton alisimama mbali, asijue mikono yake aitie wapi.

Walipokaribia Taif mzee alimgeukia.

"N'mejiuliza," akasema. "Ungekamatwa nayo, nami nimo msikitini. Polisi wako nje, watu wanatazama, wanangu wana majina yao mjini. Sijui ningesema nini, Jackton. Wallahi sijui."

Jackton aliitikia kwa kichwa. Hakuna jibu lingine ambalo angeliamini.

"Mama'ko yu hai?"

"Yuko, bosi."

"Na hajui."

"Hajui."

Mzee alitazama milima. "Mama'ngu miye kafa hajui nani alomuua mumewe. Alikuwa akiuliza mpaka siku ya mwisho. Kila mgeni wa kutoka Unguja akija, ataulizwa. Mwambie mama'ko."

Jackton alishika ile barabara ya wasio Waislamu inayozunguka Makka, kama kawaida yake, hadi nyumbani kwa mzee mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah. Bastola iliingia kwenye sefu siku hiyo hiyo. Ilikuwa nzuri, mkono wa mzee uliiweza, ila hakujua pa kuiacha akienda kusali, na sala hakuwa tayari kuiacha. Wiki iliyofuata aliweka sahihi karatasi za ikama ya Jackton bila kuombwa.

Siku ya Ijumaa, siku ya mapumziko, Jackton alikwenda mtaa wa Sharafiya. Wakenya wenzake walikuwa mkahawani wakila na kupiga kelele kuhusu mpira. Fred, rafiki yake wa chumba kimoja, alimvutia kiti. Jackton akakataa, akatafuta mahali nyuma ya duka la simu, penye kelele za viyoyozi tu, akapiga simu nyumbani Vihiga.

Mama yake, Metrine, aliitika haraka. Alikuwa uani anachambua mboga.

"Mama, uko na nani?"

"Niko peke yangu. Kwani kuna nini?"

Akamwambia. Alikuwa amepanga maneno mengi tangu Taif, lakini yalipotoka yalikuwa machache, yakaisha upesi kuliko alivyodhani. Upande wa pili alisikia kuku, na sufuria ya mboga ikiwekwa chini.

"Rudia," mama yake akasema.

Akarudia.

"Hakuiba."

"Hakuiba, mama. Mimi nilimpa."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu."

Alingoja kilio. Alingoja laana pia, na lolote kati ya hayo mawili angelipokea kwa shukrani. Mama yake alivuta pumzi, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye kazi.

"Usikate hiyo simu. Naita kasisi, nyumba yake si mbali. Naita baba yako mdogo na wale akina mama wa kanisa. Walikuja kunipa pole hawawezi kuniangalia machoni. Sasa waje. Utasema tena, wote wakisikia."

"Mama, mambo kama haya yakifika kwa polisi..."

"Usikate," akasema.

Simu ikawekwa juu ya meza. Jackton alimsikia akienda hadi langoni na kuita majina, moja baada ya jingine, kwa sauti kubwa ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka sita. Majirani wakaitikia. Akatumwa mtu mbio kwa kasisi. Fred alichungulia kutoka mkahawani, akamwona amechuchumaa ukutani na simu sikioni, akarudi ndani. Muda mrefu ulipita. Mwishowe viti vikaburutwa, mtu akakohoa kikohozi cha kizee, mlango ukafungwa.

Jackton alijifuta uso kwa kiganja. Hakukata.

"Haya, tumefika wote," mama yake akasema karibu na simu. "Anza na jina lake."