Namba za Kiberiti

Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti. Ukocha aliuokota tu, kwa sababu mdogo wake wa kike, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiberiti, alikuwa na miguu ya mbio za baiskeli na hakuwa na mtu wa kumfundisha. Kifaa cha kupima nguvu ya mguu kwenye pedeli walikiona kwa wenzao tu. Wao walikuwa na saa ya ukutani na daftari. Kiberiti akirudi mazoezini hunywa maji, husubiri nusu saa pumzi itulie, kisha Fundi huuliza:

"Moja mpaka kumi, kazi ilikuwa nzito kiasi gani?"

"Nne, kaka."

Nne mara dakika tisini: mia tatu sitini. Jumla ya wiki ikitoka ndogo, Fundi anaongeza mlima.

"Nne? Wewe umesukumwa na upepo!"

"Panda wewe, tuone hicho kitambi kitasema ngapi!"

Mwaka uliopita binamu yao alisema nane mara mbili mfululizo, na Fundi akamfuta kwenye timu mbele ya watu. Fundi alikwisha sahau. Kiberiti hakusahau.

Siku mbili kabla ya mbio za mchujo, asubuhi, Fundi aliingia chumbani kutafuta pampu. Mdogo wake alikuwa amelala fofofo. Akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo. Themanini na nne. Daftarini, kwa kauli ya Kiberiti mwenyewe, kila asubuhi ni hamsini na mbili. Akahesabu upya, maana moyo wa aliyepumzika haukimbii hivyo. Themanini na nne.

"Amka. Zile nne zilikuwa ngapi?"

Kiberiti aligeukia ukutani. "Nane. Juzi tisa."

"Kwa nini, mama?"

"Ungenifuta."

"Basi nakufuta leo."

"Majina yameshapelekwa, kaka. Anayejitoa ni mwendeshaji, kwa saini yake. Mimi sijitoi."

Fundi akaficha gurudumu la mbele. Binamu akamwazima Kiberiti la kwake. Fundi akaenda kwa waandaaji.

"Una cheti cha daktari?"

"Sina, lakini mapigo yake..."

"Basi tupishe, mzee, tuna kazi."

Siku ya mbio alisimama chini ya mlima na chupa ya maji. Mzunguko wa nne Kiberiti alipita midomo imempauka.

"Simama! Inatosha, simama!"

Mtu wa pembeni akamsukuma bega. "Acha kumvunja moyo dada wa watu!"

Mzunguko wa tano wakapita wote, yeye hayumo. Fundi akaukwea mlima mbio, ndala zikimchomoka. Pikipiki ya huduma ya kwanza ikampita.

Kwenye kona, mwanamke mwenye fulana ya msalaba mwekundu alikuwa amepiga magoti, akikandamiza kifua cha Kiberiti kwa viganja viwili, akihesabu kwa sauti. Fundi aliambiwa arudi nyuma. Akarudi nyuma. Mwanamke alifika thelathini, akampulizia pumzi, akaanza tena moja.