Lebo Tuliyoipenda

“Hebu nisomee wewe, mzee,” mwanamke mmoja wa mtaani kwetu alisema, akaiweka chupa ya dawa juu ya meza yangu. “Wewe uliyesoma.”

Nilivaa miwani. Upande wa kushoto wa lebo yaliandikwa makundi ya umri. Mbali, upande wa kulia, idadi ya vijiko. Katikati palikuwa peupe. Ilinibidi niizungushe chupa ili niufikie upande wa pili, na nilipoufikia sikujua tena nimetoka mstari upi. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa amenyweshwa kipimo cha mtu mzima kwa siku nne. Mama alikuwa amempakata. Nilimwita mtoto yule. Hakugeuka.

Lebo ile ilitoka katika chumba changu. Kwa miaka thelathini na mmoja niliongoza usanifu wa lebo katika kiwanda kilichotengeneza dawa hiyo, na mwaka mmoja kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemwajiri msanifu mpya, kwa hiari yangu na kwa fahari.

Waliofika mwisho wa usaili walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja aliyefanya kazi katika viwanda vya uchapaji miaka kumi na minane, mwenye wino kwenye kucha na mzaha mdomoni. Nilimwekea mbele lebo yangu bora, nikamwuliza anaionaje.

“Nzuri, mzee. Chupa yake iko wapi?”

“Nimekuuliza juu ya lebo.”

“Na mimi naulizia chupa. Au siku hizi dawa mnaitia kwenye bahasha?”

Alicheka peke yake. Mimi nililelewa na walimu waliotuchapa kwa doa moja la wino katika daftari; sikuwa tayari kufundishwa na kucha zile.

Wa pili alikuwa binti aliyemaliza chuo miezi mitano tu kabla ya usaili. Hakuna kazi yake hata moja iliyokuwa imewahi kuchapwa. Lakini aliishika lebo ile kwa ncha za vidole, akasema, “Imetulia. Ina heshima.” Nikaona macho yamemlowa. Jioni ile nilimwambia ofisa utumishi kwamba ujuzi tutamfundisha, ila moyo kama ule hatungeweza kumpa mtu. Sikusikia alichojibu.

Tulipatana mno. Alichokifuta, nami ningalikifuta. Nilichokipenda, alikuwa amekwisha kukipenda. Tuliichukia mistari ya kutenga safu, tukaiona kama nyua katika bustani, tukaing’oa mmoja baada ya mwingine. Kila lebo tuliitandaza mezani, tukainama juu yake kama watu wanaosali. Mwaka mzima hatukubishana hata mara moja, nami niliuita ukimya ule umoja.

Baraza la uchunguzi lilikaa siku mbili. Nilikiri kwamba sahihi ya kuidhinisha ni yangu. Mwenyekiti alizitazama mvi zangu, akasema, “Mzee wetu amechoka,” nikastaafishwa kwa heshima na barua ya shukrani. Binti akafukuzwa. Nilimtetea kwa sentensi moja. Ilikuwa sentensi nzuri, na sikuongeza ya pili.

Mtoto yule sasa amevuka miaka ishirini. Huzungumza kwa mikono. Nimemwona mara mbili, na mara zote mbili nimevuka barabara.

Lakini siku ile ya hukumu nilimkuta binti kwenye ngazi za kiwanda, amekumbatia rula yake na sanduku la kalamu.

“Nilijua sijui, mzee,” alisema. “Nilijipa moyo tu kwamba nikikosea utaniona. Kwani hukuisoma?”

“Niliisoma mara tatu.”

“Ukaona nini?”

“Niliona inapendeza.”

Alingoja kidogo, kana kwamba lipo neno lililobaki. Kisha aliniomba nisogee apite. Nikasogea.