Mdogo Wake Atatoka wa Kwanza

Watu wa timu walimwita Ramani, na jina lilimkaa, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya tangu goti lilipomkataza kushindana mwenyewe. Alisoma milima, upepo na tabia za watu, kisha kila asubuhi ya mashindano alisimama mbele ya waendesha baiskeli wa timu yake na kuwaambia timu nyingine zitafanya nini. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, kocha hakumgombeza. Alimwuliza tu ramli yake siku hiyo aliipigia wapi, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa.

Siku ile kulikuwa na milima mitatu ndani ya kilomita sitini na nane. Mashindano yalikuwa yametimiza wiki tatu, na kapteni wao alivaa jezi ya uongozi kwa sekunde arobaini na moja tu mbele ya Mwewe, kapteni wa timu ya zambarau. Kesho yake ilikuwa njia tambarare ambayo haimpi mtu nafasi ya kupindua chochote. Mwewe alibakiwa na leo tu, basi.

Hatua ndefu, yaani siku ya kilomita nyingi, ina kawaida yake. Watu huendesha saa mbili wakipiga soga, halafu ndipo kazi inaanza. Hatua fupi haina adabu. Mlima wa kwanza ulianza mita mia tatu tu baada ya bendera ya kuanzia, na aliyeachwa pale hakuwa na muda wa kurudi.

Ramani alikuwa ameipiga hesabu siku nne. Timu ya zambarau, alikata shauri, ingemtuma mtu mbele mapema, mpandaji mzuri, avuke milima miwili peke yake. Kati ya mlima wa pili na wa tatu kulikuwa na bonde la kilomita tisa lenye upepo wa usoni. Mwewe angechomoka karibu na kilele cha pili, amkute mtu wake bondeni, ajifiche nyuma ya mgongo wake mpaka chini ya mlima wa mwisho. Kapteni wao angekuwa peke yake na upepo. Sekunde arobaini na moja zingeyeyuka kama barafu kwenye chai.

Na huyo mtu wa kutumwa mbele alikuwa mmoja tu. Kitinda mimba wa nyumbani kwao, mdogo wake wa mwisho, ambaye Ramani mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli kwa kumshika kiti.

Saa moja asubuhi simu iliita. Ramani alikuwa ameketi kitandani na daftari mapajani.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Leo sina miguu. Nimetapika usiku kucha, hata maji hayakai. Mlima wa kwanza tu nitaachwa. Nakwambia ili ukiniona kwenye televisheni niko nyuma ya magari usishtuke. Na mama akikupigia, umtulize."

"Daktari wenu anajua?"

"Anajua. Amesema nianze tu, nikishindwa nishuke."

Walipoagana, Ramani aliitazama simu kama kitu alichookota njiani. Walikuwa na makubaliano, yeye na mdogo wake, ya miaka sita. Wakati wa mashindano hawazungumzi habari za mashindano. Wanaulizana mama anaendeleaje, jino limepoa, basi. Mdogo wake hakuwahi kuyavunja. Kwa nini leo?

Huenda anaumwa kweli, Ramani akawaza. Huenda amekaa na kocha wake, wakaambizana kwamba yule dada wa timu ile ndiye anayewasoma, hebu tumpe kitu cha kusoma. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini mtoto uliyemfuta kamasi utamshukuje? Alimwamini, kisha akaona haya kwa kumwamini upesi. Akamshuku, kisha akaona haya zaidi.

Akashuka kwenda kula. Timu nne zilikaa katika hoteli hiyo moja, na kila moja ilikuwa na meza yake ndefu. Meza ya zambarau ilikuwa karibu na dirisha. Mdogo wake alikaa ukingoni, sahani ya wali mbele yake, akiuchokonoa kwa uma kama anayetafuta kitu kilichopotea. Midomo ilikuwa mikavu. Alimwona dada yake, akainamisha macho.

Basi ni mgonjwa, Ramani akajisemea. Moyo ukatulia na kuumia kwa pamoja.

Akatoka kwenda uani, ambako mafundi wa timu zote walikuwa wakiosha baiskeli. Ile yenye namba ya mdogo wake ilining'inia kwenye stendi yake. Fundi wa zambarau alikuwa ametia magurudumu mepesi kabisa, na alikuwa akifungua kishikio kimoja cha chupa ili kibaki kimoja. Hakuna fundi anayehangaika kupunguza gramu kwenye baiskeli ya mtu atakayekuwa nyuma ya magari.

"Habari za asubuhi, dada," fundi yule alisema bila kuinua kichwa. "Leo tumeamkia uchunguzi?"

"Nanyoosha goti tu."

"Linyooshe. Milima ni mingi."

Ramani alirudi chumbani akiwa hajui kusini wala kaskazini. Wali ulisema hivi, kishikio kilisema vile. Labda wali ulikuwa uongo. Labda kishikio ndicho kilikuwa uongo, na fundi alijua Ramani atapita pale. Labda yote mawili yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchanganya kuliko yote, kwa sababu halikuwa na maana.

Saa nne walikutana ndani ya basi. Kocha, mzee mfupi mwenye sauti ya pole, alisimama karibu na usukani.

"Haya, Ramani. Zambarau watafanya nini?"

Alikuwa na maneno mawili mdomoni. Angeweza kusema mdogo wangu anaumwa, msimhesabu, wekeni watu wote kwa Mwewe. Hapo angekuwa ameuuza ugonjwa wa nduguye, au ameumeza uongo wake. Angeweza pia kuinyamazia simu ile na kusema yaliyokuwa daftarini tangu mwanzo.

"Wa kwanza kutoka atakuwa mdogo wangu," alisema. "Bendera ikishuka tu. Kupe amfuate, asimsaidie hata hatua moja."

Kupe, aliyepewa jina hilo kwa kuganda nyuma ya magurudumu ya watu, aliinua kidole kuonyesha amesikia.

"Una hakika?" kocha aliuliza.

"Sina."

Watu wakacheka wakidhani ni mzaha. Kocha hakucheka. Alimtazama kidogo, kisha akasema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kupe, mfuate mpaka ukingoni."

Saa saba mchana bendera ilishuka. Ramani alikaa kando ya kocha, aliyekuwa akiendesha gari la timu, televisheni ndogo mbele yake, redio ikikoroma. Hata kona ya kwanza haikufikiwa. Jezi moja ya zambarau ilichomoka kundini, na nyuma yake, Kupe.

"Ni yeye," kocha alisema. "Ramli yako leo imetulia."

Ramani alikuwa amepatia, na alijiona kama aliyeibiwa. Alinidanganya, aliwaza. Alinipigia simu, akamtaja mama, akanidanganya.

Walivuka mlima wa kwanza wakiwa mbele kwa dakika moja na nusu. Kwenye mlima wa pili, kilomita mbili kabla ya kilele, kamera ilimkaribia mdogo wake. Aliinamisha kichwa kando ya mpini na kutapika, bila kuacha kukanyaga. Kilichotoka kilikuwa maji ya manjano. Akajifuta kwa glavu, akaendelea.

"Huyu mtoto anaumwa," kocha alisema.

"Ndiyo. Aliniambia asubuhi."

Kocha aligeuka akamtazama kwa muda mrefu kuliko dereva anavyopaswa, kisha akarudisha macho barabarani. Hapakuwa na nafasi ya kuuliza. Mwewe alikuwa amechomoka, na kapteni wao alibaki nyuma yake hatua ishirini, kisha arobaini.

"Kupe, msubiri kapteni," kocha aliiambia redio. "Acha kila kitu, umsubiri."

Bondeni mambo yakawa kama yalivyokuwa daftarini. Mdogo wake alimpokea Mwewe na kumvuta dhidi ya upepo, kichwa kikiyumba. Nyuma yao Kupe, ambaye miguu yake ilikuwa imepumzika siku nzima nyuma ya mgonjwa, alimvuta kapteni. Pengo halikuongezeka. Chini ya mlima wa tatu mdogo wake alijitoa pembeni, akashuka, akakaa juu ya ukuta mfupi wa mawe. Kamera ikampita.

Mwisho wa mbio, kapteni alikuwa amepoteza sekunde thelathini na tatu kwa Mwewe. Jezi ilibaki kwao kwa sekunde nane. Watu wa timu walimkumbatia Ramani, mkandaji akambusu shavu, naye alicheka pale ilipofaa kucheka, kisha akaulizia hema la matibabu.

Mdogo wake alilala kwenye kitanda cha turubai, sindano ya maji mkononi.

"Uliniambia utaachwa," Ramani alisema.

"Niliamini hivyo. Saa tano kocha wetu akaniambia, kama utaachwa hata hivyo, basi anza mbele, ili ukichoka uwe bado mbele yetu." Alifumba macho. "Baiskeli walikuwa wameshaitengeneza hata kabla ya kuniambia. Dada, nani alimtuma yule kunifuata?"

"Mimi."

"Ukijua naumwa?"

"Nikijua ulivyosema."

"Basi hukuniamini."

Ramani alitaka kusema alifanya vile ili asiutumie ugonjwa wake, kwamba aliweka simu ile kando kama kitu cha nyumbani. Ilisikika vizuri kichwani. Lakini alikumbuka pia kile kishikio cha uani, na jinsi alivyokuwa amekasirika kwenye gari, na hakuweza kusema ni lipi lilitangulia.

"Sijui," alisema. "Kweli kabisa, mdogo wangu, sijui."

"Hata mimi sijui kwa nini nilikupigia," alisema yule. "Sisi tuna makubaliano."

Dereva wa basi alikuja mpaka mlangoni mwa hema akasema wanaondoka, kocha anataka kuzungumzia kesho. Ramani alimwambia watangulie. Chupa ya maji ilikuwa bado nusu, ikidondoka tone moja moja. Alivuta kiti, akaketi, akaushika ule mkono usiokuwa na sindano.

Mdogo wake alikuwa ameshalala.