Foleni ya Mabega kule Alby

Jumamosi hiyo ya Februari 1976, nyumba ya Winifrida kule Alby, ughaibuni, ilijaa mpaka viatu vya theluji vikapandana mlangoni kama kuku kwenye tenga. Mwingine mwenye mtihani keshokutwa angejifungia. Winifrida alikuwa amewaalika watu tangu wiki tatu nyuma, na kufukuza mgeni hakukuwamo kwenye damu yake. Basi akawa anakaanga vitunguu vya pilau, daftari la fizikia limeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, roho iko juu juu.

Jumatatu ilikuwa nafasi ya mwisho. Chuo cha mafundi wa mitambo ya sauti kilikwisha kumwangusha mara moja; akianguka tena, nafasi yake anapewa mwingine, naye anapanda ndege kurudi Bukoba.

"Hivi walikuuliza nini hasa?" aliuliza shoga yake Ziada, ambaye habari isiyomfikia yeye ilikuwa bado haijatokea.

"Kamba ndefu imefungwa ukutani, katikati ina utepe mwekundu. Mtahini akasema, nikipeleka wimbi kutoka huku, utepe utafika ukutani? Nikamwambia utafika. Kwetu ziwani si mawimbi ndiyo yanaleta magogo ufukoni?"

Sebuleni mtu akaangua kicheko. Alikuwa Ssali, mwalimu wa fizikia wa Kampala kabla hajaikimbia nchi, siku hizi anasafisha mabehewa ya treni.

"Nnyabo, dada yangu, magogo yanasukumwa na upepo na mkondo. Mimi wa Entebbe, ziwa ni lile lile. Usilisingizie wimbi."

"Mwalimu, Kiswahili chako hicho cha kambi ya jeshi hakimtishi mtu," Ziada alimrukia. "Kama unajua, mfundishe mwenzio!"

"Nani ana njaa?" Ssali akauliza.

Wote walikuwa nayo.

"Basi hakuna kula. Pangeni foleni."

Watu kumi na wanne wakajipanga bega kwa bega kutoka jikoni mpaka mlango wa nje, wakinung'unika. Masharti yalikuwa mafupi: ukisukumwa, msukume jirani yako, kisha rudi wima pale pale. Winifrida akapewa saa. Ssali akamsukuma wa kwanza, na bega likapokea bega mpaka kwa Ziada mwishoni, akayumba.

"Nani amehama mahali pake?"

"Hakuna."

"Sasa kilichofika mlangoni ni nini?"

"Msukumo tu," alisema Winifrida, mwiko mkononi. "Kwa sekunde nne."

"Haya, Damian, anza wewe."

Damian alikuwa akifunga magurudumu ya malori kiwandani kule Södertälje, na mabega yake yalikuwa mapana kama mlango wa kanisa. Alisukuma mara moja. Foleni nzima iliguna, na Ziada akazama kwenye makoti yaliyotundikwa.

"Ananionea! Tangu nilipoulizia yule mchumba wake wa Sundbyberg!"

"Mchumba gani?" Vichwa vinane viligeuka kwa pamoja.

"Foleni!" Ssali alifoka.

Winifrida hakuwa akimsikiliza yeyote. Aliitazama saa, akaitazama tena. "Sekunde nne zile zile. Damian kasukuma kwa nguvu kuliko wewe, Ziada kaumia zaidi, lakini msukumo haukufika mapema zaidi!"

"Huo ndio ukubwa wa wimbi," alisema Ssali. "Kasi haiko kwa msukumaji."

"Iko wapi? Iko... iko kwenye foleni yenyewe!" Akatupa mwiko. "Bananeni! Kazeni miili, msilegee!" Akasukuma yeye mwenyewe. Sekunde mbili na nusu. Alipiga ukelele uliowafanya wasahau pilau, ambayo iliungua chini, na ikaliwa hivyo hivyo.

Jumatatu alisimama mbele ya kamba ile ile na mtahini yule yule.

"Utepe utafika ukutani?"

"Hautafika. Utapanda na kushuka pale pale. Kinachosafiri ni nishati."

"Na nikiitikisa kwa nguvu zaidi?" Mtahini alitabasamu kama mtu anayetega.

"Wimbi litakuwa kubwa zaidi. Kufika, litafika wakati ule ule."

"Basi nifanyeje lifike mapema?"

Winifrida aliichukua ncha mkononi mwa mtahini, akarudi nyuma hatua moja mpaka kamba ikakaza, akaitikisa mara moja. Wimbi lilipita kama mshale, utepe ukaruka na kutulia mahali pake.

Mtahini akaiangalia kamba, kisha karatasi yake. Akaandika *godkänd*: amefaulu.

"Nani alikufundisha?"

"Watu wenye njaa," alisema Winifrida, akamwacha na swali lake.

Nje ya chumba cha mtihani, korido ya chuo ilikuwa ndefu na kimya kama chumba cha maiti. Alisimama katikati, akavuta pumzi, akapiga kigelegele. Mlango wa kwanza ukafunguka, wa pili, wa tatu, vichwa vikichomoza kimoja baada ya kingine mpaka mwisho kabisa wa korido, naye hata unyayo alikuwa hajaunyanyua.