Kibati Kisicho na Tundu

Wakati wa vita, sarafu zilipoadimika, babu yangu mwoka mikate alikata vibati vyake mwenyewe na kuvigonga chapa ya suke la ngano. Mteja aliyedai chenji alipewa kibati. Akikirudisha kwenye dirisha la duka anapata mkate, na babu anakitoboa kwa msumari kisitumike tena. Mimi navikusanya. Mke wangu huniita Bwana Makopo, na sioni kinachochekesha.

Vyote nilivyopata vina tundu. Kizima nilikitamani hadi nikakiota.

Kumbe kilikuwa kwa Bibi Cherehani, mshonaji mzee wa mtaa wa nyuma. Alasiri ile pazia lake lilikuwa likivuta pumzi taratibu, na vumbi la chaki likielea kwenye jua. Alikitoa ndani ya kopo la vifungo. Moyo ukanipasuka kwa furaha.

"Bei gani, bibi?"

"Siuzi, mjukuu wangu. Nataka mkate wangu."

Nilidhani ananitania.

"Mama alikuwa mgonjwa, akanituma," alisema. "Nafika dirishani, babu yako ananiambia imekwisha, njoo kesho. Kesho yake nakuta pamefungwa, amechukuliwa vitani. Mama alikufa akiniuliza mkate uko wapi."

Nilimnunulia mkate dukani. Akaunusa, akanirudishia. Nilikasirika, nikaondoka bila kuaga. Lakini usingizini nilimwona mtoto kasimama dirishani, na asubuhi nikawasha tanuri la babu, lililokuwa limegeuka makazi ya kuku. Mkate ulitoka umeungua upande mmoja na kuinama upande wa pili.

Bibi aliumega polepole, macho kafumba, chumba kizima kikinukia ngano. Kipande cha kwanza alikiweka kando, kwenye kisahani, hakukigusa. Kisha akanisukumia kibati.

"Toboa."

"Bibi, kikitobolewa kitakuwa kama vingine tu! Kizima ni hiki peke yake duniani."

"Mkate umetoka, haujatoka?"

"Umetoka."

"Basi toboa."

Nilikuwa na msumari wa babu mfukoni. Hutembea nao, ndivyo nilivyo. Nakiri, nilimchukia bibi yule kwa muda. Nikagonga. Akakiinua, akachungulia dirisha kupitia tundu, akaangalia kisahani.

"Mama," alisema, "wameshatoa."

Alinipa, na sasa kimo kwenye kopo langu pamoja na wenzake. Jana nilikitafuta nimwonyeshe mke wangu, nikashindwa kujua ni kipi.