Viti vya Fundi

Tangu alfajiri mama huyu alikuwa akihangaika na chumba chao cha kupanga kama mtu anayesubiri washenga. Sakafu ameipiga deki mara mbili, pazia amelipiga pasi, na viti sita vya mume wake amevipangusa mpaka vinang'aa. Mume ni fundi seremala. Viti hivyo alivichonga mwenyewe kabla ya harusi yao, na hadi leo mtaani mtu akiwa na shughuli huja kuviazima.

Yeye mwenyewe ni mfagizi katika bweni la wanafunzi wa kigeni. Bweni lina utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi kwenye nyumba za wenyeji, wajifunze watu wanavyoishi, na safari hii afisa wa bweni alimwomba yeye. Mkataba wake wa kibarua ulikuwa unaisha wiki hiyo, sasa unakataaje? Tena, tusidanganyane, alifurahi. Wanafunzi wale amewasafishia vyoo mwaka mzima. Leo wangekuja kwake kama wageni, wakae, anywe nao chai.

Afisa alitangulia peke yake. Akasimama mlangoni, akavitazama viti, akashusha pumzi.

"Dada, hapa pamezidi. Hawa wanataka kuona maisha halisi. Hivi viti vitoeni, tandikeni mkeka."

"Ndiyo maisha yetu haya, bosi."

"Sawa. Ila ripoti naandika mimi, na mkataba wako uko mezani kwangu."

Mume akainuka kwenye kiti chake cha dirishani. Alivibeba viti viwili viwili, akavipanga nyuma ya choo cha wapangaji, majirani wakimkodolea macho. Mkewe akatandika mkeka wanaolalia watoto.

Wanafunzi walikuja, watoto wa watu, na adabu zao. Walivua viatu, wakakunja miguu kwa tabu, wakanywa chai na kushukuru kwa lugha waliyofundishwa bwenini. Msichana mmoja mwenye miwani akamgeukia mume, akamuuliza polepole anafanya kazi gani.

"Fundi seremala."

"Unatengeneza nini?"

"Viti."

Msichana akazungusha macho chumbani, kona hadi kona. Afisa akadakia upesi kwamba ndiyo hali ya huku, fundi huwatengenezea wenye nazo, yeye mwenyewe hamudu hata kigoda. Wanafunzi wakatikisa vichwa kwa huruma, na msichana yule akaomba radhi kwa kuuliza.

Mke alikuwa ameshika birika. Maneno yalimfika ulimini kabisa: viko nje, ni vyake, muulizeni huyu afisa aliyesema vitolewe. Akaukumbuka mkataba. Akamwongezea afisa chai, akamuuliza kama sukari imetosha. Aibu iliyompata, jamani, asiombe mtu. Hakuthubutu kumtazama mumewe mpaka wageni wanaondoka.

Walipotokomea alitoka nje mbio, akaleta kiti kimoja, akakifuta tope kwa kiganja na kukiweka pale pale kinapokaaga, karibu na dirisha.

"Kaa, baba watoto."

Mume alibaki kwenye mkeka, mgongo ukutani, anaitazama mikono yake.

"Kaa wewe," alisema. "Mimi sina viti. Nimeambiwa mbele yako, ukamimina chai."